Kobe na Mkono wa Kamba

Shemeji yangu alikalia kamba. Nimelisema hilo sokoni, nimelisema msibani, nimelisema mezani kwake mwenyewe huku nakula chakula chake, na kila nikilisema mdogo wangu, ambaye ndiye mkewe, hunikanyaga mguu chini ya meza. Nimekanyagwa mpaka kidole kimepinda. Sijanyamaza.

Niwaambie kwanza kamba yenyewe ni ipi, maana wengine wakisikia kamba wanadhani ya kuanikia nguo.

Kitinda mimba wetu alikuwa mzamiaji. Wa ziwani, tena siyo hawa wa kuziba pua na kujitosa. Yeye alishuka na mtungi wa hewa mgongoni, ndiyo maana mji mzima ulimwita Kobe, na hata mimi niliyembeba mgongoni akiwa mchanga nikasahau kumwita jina jingine. Kazi alijifunzia kwa kampuni iliyokuja kujenga gati. Walimchukua abebe mawe, wakaona maji hayamtishi, wakamvalisha. Gati lilipokwisha wakafungasha virago vyao, yeye wakamwachia mtungi mmoja mkuukuu, kidomo cha kuvutia hewa, miwani, mapezi ya mpira, nguo ya mpira iliyombana kama soseji, na mkanda wenye vipande vya risasi, yale madini mazito, wa kumzamisha. Hewa alikwenda kujaziwa kwa watu wa zimamoto.

"Kobe, leo unakwenda kumtembelea nani huko chini?" watu walikuwa wakimuuliza.

"Mama mkwe. Kaniambia nije na hewa yangu, ya kwake haitoshi wawili."

Mama mkwe wake alikuwa hai, tena anakaa mtaa wa pili. Maneno yalimfika kila mara.

Alitoa injini zilizodondoka, alitoa nanga, alisafisha chujio la bomba linalovuta maji ya mji. Safari moja alimtolea bwana harusi pete, akamrudishia, halafu akamwambia, "Fikiria vizuri, naweza kuirudisha nilikoitoa." Na alitoa watu. Mtu akizama mji huu, alikuwa anaitwa Kobe. Hakuwafunga kamba kama mbuzi. Aliwakumbatia, akapanda nao. Siku za namna hiyo alikuja kibandani kwangu, mimi ni mshona maturubai, kibanda changu kiko pale ziwani juu ya gati, akaketi katikati ya maturubai asiseme kitu. Nikampa chai. Ikapoa. Nikampa nyingine.

Siku akiwa na maneno aliniambia, "Dada, yale maji yana ghorofa. Juu kuna joto. Ukishuka unapita kama mlango, mara baridi inakukamata masikio. Ghorofa ya mwisho ni tope. Ukiligusa linaamka, na likiamka huoni hata kidole chako. Huko macho hayana kazi. Natembea kwa kamba."

Ndiyo hiyo kamba. Ya buluu, ya nailoni. Upande mmoja amejifunga kifuani. Upande wa juu, wa mtu aliyebaki kwenye boti, ulikuwa na kitanzi, na kitanzi hicho nilikishona mimi. Turubai la kijani nililikunja mara mbili, nikalishona kwa uzi wa nyavu usiooza, ili kamba isimkate mshikaji kiganja. Tukakiita mkono wa kamba. Mwishoni nikaweka alama yangu, mishono iliyokaa kama mguu wa kuku. Kuandika jina sikufundishwa, lakini mguu wa kuku wangu kila mtu anaujua.

Sheria ya Kobe ilikuwa fupi. Anayebaki juu anaingiza mkono wake kwenye ule mkono mpaka kifundoni, kamba inapita kiganjani, na hatoki hapo mpaka mtu aliye chini arudi juu. Ikivutwa mara moja, niko salama. Mara mbili, nilegezee. Mara tatu, nitoe. Asile, asivute sigara, asipige soga. Anayetaka soga akae nyumbani na wake zake.

Sasa kazi hiyo akapewa nani? Shemeji. Mtu aliyezaliwa anaongea, mkunga akamwambia subiri kwanza nikukate kitovu. Hakuwa na kazi, mdogo wangu akaja kulia kwa Kobe, mume wangu anakaa tu, mume wangu anadharauliwa. Na Kobe moyo wake ulikuwa wa siagi.

Mimi kibandani naona boti vizuri. Siku moja namtazama shemeji: mikono yote miwili inapunga hewani, anamhadithia mvuvi wa boti ya jirani. Mikono yote miwili! Kamba iko wapi? Ameikalia. Kaibana chini ya makalio yake kwenye ubao wa boti, mkono wa kamba niliokesha nikiushona unaning'inia bure kama mkia.

Nilimwambia Kobe jioni ile ile. "Yule anakalia kamba."

Akacheka. "Dada, makalio ya shemeji yana akili kuliko kichwa chake. Yatanisikia."

"Mimi sifanyi mzaha."

"Nitamsema."

Akamsema, nadhani. Kwa upole wake ule, kama anayeomba chumvi.

Siku yenyewe walikwenda asubuhi kutafuta injini ya boti iliyochomoka karibu na tishari. Tishari ni lile boti bapa la kubebea mchanga, lilizama zamani sisi tukiwa wasichana, liko huko chini limejiinamia. Mimi nashona. Nainua macho, naona boti inarudi, na mle ndani mtu ni mmoja.

Nilishuka gatini na sindano mkononi. "Kobe yuko wapi?"

"Shemeji, kaa kwanza."

"Sikai. Kobe yuko wapi?"

"Kaondoka." Akainua kipande cha kamba ya buluu, kifupi, ncha yake imekatwa safi kabisa. "Kajikata mwenyewe. Kwa kisu chake. Nimevuta, nikapata hiki. Huyu katoroka, shemeji. Si alikuwa anasema kuna kazi kwenye bwawa la umeme? Kapita chini kwa chini, katokea ng'ambo."

Watu wameshajaa. Mimi natazama ile kamba. "Na mkono uko wapi?"

"Mkono gani?"

"Mkono wa kamba. Nilioushona. Kama yeye ndiye aliyekata huko chini, basi ncha ya juu imebaki kwako. Nionyeshe mkono."

"Ulichakaa. Aliutoa juzi."

Mwongo. Juzi yake hiyo niliuona kwa macho yangu. Lakini nani anamsikiliza mshona maturubai anayepiga kelele kuhusu kitambaa?

Wavuvi walirusha nyavu, wakaburuta ndoano. Pale kando ya tishari chini hakufikiki, kamba zao ziliisha kabla ya maji kwisha. Mchana polisi walifika, wakasimama gatini, mkubwa wao akauliza, "Mzamiaji wenu ni nani?"

Watu walitazama viatu vyao.

"Nauliza, mzamiaji wa hapa ni nani? Aitwe."

Basi ndipo nilipokaa chini. Maana aliyekuwa akiwatoa watu ni yeye, sasa nani amtoe yeye? Mimi kuogelea sijui, hata kunawa miguu ziwani naogopa. Niko hapa, Kobe yuko pale, naweza kunyoosha kidole nikakuonyesha alipo, na sina la kufanya. Nilimwita. Nilipiga kelele kama mwendawazimu, naongea na maji. Wanawake wakanishika, wakanirudisha kibandani, na pale gatini nikasikia shemeji anahadithia upya, sasa Kobe kaaga kabisa kwa mkono kabla ya kuzama.

Uongo ukapata miguu. Dereva wa lori akasema kamwona stendi ya mji mwingine na mwanamke mwenye gauni la njano. Kila aliyeusimulia akamnenepesha yule mwanamke, mpaka mwisho akawa hapiti mlangoni. Wifi yangu, mke wa Kobe, mwanzoni hakuamini. Lakini mwanamke akiambiwa kila siku bombani kwamba ameachwa, anaanza kujitazama kwenye kioo na kujibu ndiyo. Hatukuzika, tungezika nini? Hatukulia pamoja, maana mtu aliyetoroka haliliwi. Wifi akafungasha, akamchukua mtoto wao wa kike, akarudi kwao. Mlangoni akaniambia, "Wifi, mume wangu ukimwona, mwambie mwanawe meno yameanza kutoka."

Nilitaka kumwambia yuko pale, wifi, pale penye maji meusi. Nilikuwa nimeshamwambia. Alinitazama kama watu wote walivyonitazama, kama unavyomtazama mtu mwenye homa.

Shemeji akainuka maishani. Msiniulize vipi, wenye midomo huinuka. Wenye boti wakamchagua mwenyekiti wao, akanunua kofia, na kila mwaka anasimama gatini anawahutubia vijana habari za usalama majini. Usalama majini! Mimi kibandani nauma uzi kwa meno, namtazama. Akipita ananisalimia, "Shemeji, hujambo?" Namjibu, "Umesimama leo? Kamba kaikalia nani?" Watu wanacheka, wanasema bibi huyu na kamba yake. Mwisho ikawa ndilo jina langu, Bibi Kamba. Nikaona sawa, niiteni, angalau mnaitaja.

Mtoto wa Kobe alikua. Nilimfuata huko kwao akiwa mpishi wa shule, mwanamke kamili, mabega ya baba yake yale yale. Alinipokea kwa heshima, akanikalisha, akanipa maji. Nikaanza tu, "Baba yako," akaweka mkono hewani.

"Shangazi, wewe njoo siku yoyote. Ila yule mtu usimlete mlangoni kwangu."

"Mwanangu, hakuondoka."

"Mama alikufa anaisubiri barua yake. Mnaniambia nini?" Hakupaza sauti. "Kama angekufa, mngetuonyesha kaburi."

Nina nini cha kumwonyesha? Nilimaliza maji yangu, nikashukuru, nikapanda basi. Nimesuta watu wazima wakalia, nimemfukuza mgambo kwa ufagio, lakini kwa yule mtoto mdomo uliniisha.

Halafu wakaja hawa wa kuzamia kwa kujifurahisha. Shule ya kuzamia wanaiita, pale jengo la zamani la samaki. Watu wazima na akili zao wanalipa ili washushwe kwenye tope wakaangalie chuma kilichozama. Niliwacheka mpaka mbavu zikaniuma. Mwalimu wao alikuwa mwanamke, mfupi, nywele kazikata kama askari, akaja kibandani anataka nimshonee mifuko ya kuwekea risasi za mikanda.

"Mnapunguza?" nikamuuliza. "Mdogo wangu alisema maji ya ziwa hayamwinui mtu kama ya chumvi, risasi zinatosha chache."

Aliacha kuhesabu mifuko. "Mdogo wako nani, bibi?"

Nikamweleza. Kila kitu, na mkono wa kamba, na mguu wa kuku. Hakucheka. Lakini hakuniahidi kitu pia. Alisema huko chini tishari limebomoka, wao wanapita juu juu na wanafunzi, ndani hawaingii. Nikamwambia, "Mimi sikutumi. Nakuambia tu rangi. Kamba ni ya buluu, mkono ni wa kijani."

Alichukua mifuko yake akaenda. Nikasema haya, nimeshamwambia mmoja tena.

Mvua zikapita, kiangazi kikaja na maji yakatakata kidogo. Asubuhi moja yule mwalimu akaingia kibandani maji yanamchuruzika, hajavua hata nguo ya mpira. Akaketi katikati ya maturubai. Pale pale. Sikumwambia kwamba pale ndipo Kobe alipokuwa akiketi, alipachagua mwenyewe.

Nikammiminia chai.

"Bibi," akasema, "ule mguu wa kuku una vidole vitatu au vinne?"

"Vitatu mbele. Kimoja nyuma."

Akaitikia kwa kichwa. Akashika kikombe kwa mikono miwili, hakunywa.

Yeye ndiye aliyempigia simu mtoto wa Kobe, mimi sikuweza. Polisi waliitwa, wazamiaji wakashuka wawili wawili, na pale gatini watu wakajaa kama ile siku nyingine, ila wengi wa siku ile wameshakufa na hawa ni watoto wao. Mtoto akafika na basi la mchana, aproni ya jikoni bado kiunoni. Alisimama kando yangu. Hakunishika, nami sikumshika.

Walimweka juu ya turubai langu. Kilichobaki kilikuwa kimehifadhiwa na ile nguo yake ya mpira, na mtungi mgongoni, Kobe wetu. Kifuani kamba bado imefungwa, fundo lake mwenyewe. Haikukatwa popote. Iliviringwa pembeni yote, nzima, buluu yake imegeuka kuwa ya tope.

Shemeji alikuja amevaa kofia ya uenyekiti. Mdogo wangu nyuma yake, kamshika shati.

"Alikuwa ndani ya tishari," mwalimu akatueleza. Alimwangalia mtoto, siyo sisi. "Tope likiamka mtu haoni, anafuata kamba yake kwa mikono, kidogo kidogo, maana kamba ndiyo inayompeleka juu. Hii ilikuwa imeshaanguka kutoka juu. Ilidondoka, ikaingia kwenye tundu la tishari. Yeye akaifuata. Aliifuata mpaka mwisho."

Akageuza mkono wa Kobe wa kuume, wenye glavu ya mpira. Mkono wa kamba ulikuwa pale. Turubai la kijani, mguu wa kuku wangu. Kobe alikuwa ameuvaa yeye mwenyewe, mpaka kifundoni.

Nilitazamia nitapiga kelele. Miaka yote nilikuwa nimezipanga kelele zangu, nimezikunja vizuri kama maturubai rafuni. Hakuna iliyotoka.

"Labda," shemeji akaanza, "labda alishuka nao, ule mkono, labda aliu..."

"Mzee," mtoto akasema. Kwa heshima tu, kama anayeuliza njia. "Mkono huu si wa mtu anayebaki juu?"

Shemeji akamtazama mke wake. Akatazama wenye boti. Akavua kofia.

"Nilikuwa naikalia," akasema.

Mdogo wangu akanidaka mkono. "Dada, mzee huyu sasa, dada, anaumwa moyo. Msamehe yaishe."

"Nimsamehe nini? Mimi sikuwa chini." Nikautoa mkono wangu. "Mwache amalize. Mtoto hajamaliza kuuliza."

Mtoto alikuwa amepiga magoti kando ya turubai. "Alivuta?"

Shemeji akakunja kofia, akaikunjua. Yule msemaji wetu, mwenye hotuba zake, maneno yalikuwa yanamtoka moja moja kama mtu anayetema miiba. "Nilisikia kitu chini yangu. Mara tatu. Nilikuwa nawasha sigara. Nikadhani wimbi. Nilipoinuka kutazama, ule mkono ulikuwa unaruka ukingoni. Niliudaka. Niliudaka nikaukosa."

"Na ile iliyokatwa?"

"Ya nanga. Nilikata ya nanga, nayo ya buluu."

Mtoto hakumtukana, hakulia bado. Alifungua aproni yake, akaitandika juu ya uso wa baba yake, akaibana pembeni kwa vijiwe upepo usiifunue. Kisha akaniangalia mimi.

"Shangazi," akasema, "una sindano?"

Nilikuwa nayo. Ninayo siku zote, kwenye kola ya gauni. Tukakaa chini sote wawili, tukaanza kulishona turubai kutoka miguuni, yeye akishika pindo, mimi nikishona. Shemeji alibaki amesimama pale pale. Hakuna aliyemwambia akae.